Ndege Zile, Ndege Hawa

Kule Hounslow ndege zilipita juu ya paa
kila dakika moja na nusu, magurudumu nje,
chini kiasi cha kusomeka maandishi ubavuni.
Tulijifunza kunyamaza katikati ya sentensi,
kusubiri, kisha kuendelea pale pale,
kama watu wanaoruka dimbwi.
Rufus alizaliwa ndani ya ngurumo hiyo.
Neno lake la kwanza halikuwa mama.

Tuliuza vyumba viwili, ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
tukanunua nyumba nzima huku Ashlow, karibu na mpaka wa Wales:
ngazi iliyopinda, mti mmoja wa tufaha,
na unyevu ukutani wenye umbo la farasi.
Hesabu imekubali, ndivyo tulivyowaambia watu.
Hatukuwaambia kuhusu usiku ule wa Februari,
Leighton amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, viatu miguuni,
akisema, siwezi tena, Bryony, siwezi,
nami sikuuliza ni nini asichokiweza.

Siku ya kuhama, Bi. Dhaliwal wa ghorofa ya chini
alinipakatisha chupa ya achari ya ndimu
kana kwamba huko tuendako hawana chumvi.
Nikasafiri nayo mapajani saa nne nzima.

Sofa ilikataa mlango.
Wapakuzi waliipindua, wakaisimamisha wima, wakaomba chai,
mwishowe wakaiacha barabarani mbele ya bucha,
na mji mzima ukapita kuitazama.
Mwanamume mwenye mbwa akaikalia, akajaribu springi.
"Ninyi ndio mliochukua nyumba ya Gwatkin?"
Ndiyo, nikasema. Nyumba ya Gwatkin.
Gwatkin alikufa mwaka juzi. Tutalipa mkopo miaka thelathini na miwili
na bado itaitwa nyumba ya Gwatkin.
(Sofa iko kwenye baa sasa. Tukitaka kuikalia, tunanunua kinywaji.)

Sikujua kimya kina uzito.
Usiku wa kwanza Rufus alikuja kitandani kwetu saa saba, macho makavu.
"Ndege ziko wapi?"
Wamelala, nikamwambia, wamo mitini.
"Si hao. Zile."
Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu
nikamtafutia ngurumo kwenye simu,
akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
akasema, hiyo haitikisi kikombe.

Leighton analala. Hilo lazima niliseme.
Analala kama gogo, mdomo wazi,
nami namkasirikia na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja.
Jumatatu na Jumanne anapanda treni gizani kurudi London kazini,
nabaki na Rufus, na Edie anayeota jino,
na mji ambao sina rafiki ndani yake
ila Bi. Prosser muuza jibini, anayeniita mpenzi,
kama anavyomwita kila mtu, na paka.

Kisha ikaja Alhamisi, siku ya soko.
Saa kumi alfajiri lori la kwanza likarudi kinyumenyume
chini ya dirisha letu. Halafu vyuma:
nguzo za vibanda zikiangushwa juu ya mawe,
kama mtu anayemwaga visu ngazini,
minyororo, mabati, kondoo wakilia
kwa sauti za watu wenye madeni,
mtu akiitukana mvua kwa ufasaha.
Kikombe kikatetemeka kwenye kisahani.

Nikakimbilia chumba cha watoto kumziba Rufus masikio.
Alikuwa chali, mikono juu ya kichwa,
katika usingizi ule wa Hounslow
ambao sikuuona tangu tuhame.

Nikakaa sakafuni kwenye baridi, nikiogopa hata kukohoa,
ingawa nani angenisikia.
Chini turubai likafunguka kwa kishindo.
Huko nyuma, kwenye mti wa tufaha,
ndege mmoja, huyu mwenye manyoya, alianza kusema jambo,
akakatizwa na chuma, akanyamaza,
akasubiri,
kisha akaendelea pale pale.